Karen Spärck Jones na Uzito wa Maneno

Karen Spärck Jones ndiye aliyeionyesha kompyuta kwamba maneno hayalingani uzito. Kila anayeandika maneno mawili matatu kwenye simu akitafuta habari, kisha akaletewa ukurasa alioukusudia ukiwa juu kabisa ya orodha, ananufaika na hesabu ambayo mtafiti huyu wa Cambridge aliitangaza mwaka 1972 katika makala moja ya jarida la wakutubi. Wakati huo hapakuwa na wavuti, wala kompyuta ya mezani, wala mtu wa kawaida aliyeona haja ya kutafuta chochote kwa mashine. Waliohangaika na jambo hilo walikuwa wakutubi na wanasayansi wachache, na mikusanyiko mingi waliyoijaribia ilikuwa na muhtasari wa makala mia kadhaa tu.

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1935 mjini Huddersfield, katika eneo la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, mji uliojengwa na viwanda vya nguo za sufu. Baba yake, Owen Jones, alifundisha kemia chuoni. Mama yake, Ida Spärck, alikuwa Mnorwei, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliifanyia kazi serikali ya Norwei iliyokuwa uhamishoni London. Binti akayachukua majina yote mawili, na hata alipoolewa hakuyaacha.

Mwaka 1953 aliingia Girton, kimojawapo cha vyuo vichache vya Chuo Kikuu cha Cambridge vilivyopokea wanawake siku hizo. Alisoma historia, kisha akaongeza mwaka mmoja wa falsafa. Hakusomea hisabati wala uhandisi, na jambo hili lina maana kubwa katika habari zake, kwa sababu wengi wa wenzake katika fani ya kompyuta walitoka huko. Yeye aliingia kwa mlango wa lugha. Baada ya masomo alifundisha shuleni kwa muda mfupi, hadi alipovutwa katika kikundi kidogo cha utafiti kilichoongozwa na mwanamke mwingine asiye wa kawaida, Margaret Masterman.

Masterman alikuwa mwanafalsafa, mwanafunzi wa zamani wa Ludwig Wittgenstein, na katika miaka ya 1950 alianzisha Kitengo cha Utafiti wa Lugha cha Cambridge. Kitengo hicho hakikuwa idara ya chuo kikuu. Kilijitegemea nje yake, kikiishi kwa ruzuku ambazo sehemu kubwa zilitoka Marekani, na makao yake yalikuwa jengo dogo lililowahi kuwa makumbusho ya sanaa za Mashariki. Mashine za mwanzo walizozitumia zilikuwa za kuchambua kadi za matundu. Swali lao, hata hivyo, lilikuwa kubwa kuliko vifaa vyao: mashine itawezaje kutafsiri kutoka lugha moja hadi nyingine, ilhali neno moja lina maana nyingi? Kwa Kiswahili tatizo lenyewe ni rahisi kulisikia. Katika sentensi moja paa ni mnyama, katika nyingine ni sehemu ya juu ya nyumba, na katika nyingine ni kitendo cha ndege. Msikilizaji hutambua bila kufikiri. Mashine haina pa kushika.

Jibu la Masterman lilikuwa kuyapanga maneno kwa mafungu ya maana, kama alivyofanya Peter Mark Roget katika kitabu chake cha maneno ya Kiingereza kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1852. Neno likikutana na majirani zake katika sentensi, fungu wanalochangia ndilo linalodokeza maana iliyokusudiwa. Spärck Jones aliichukua fikra hiyo akaisukuma mbele zaidi. Katika tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha mwaka 1964, aliuliza kama mafungu yenyewe yanaweza kuundwa na mashine badala ya kutegemea busara ya mtunga kamusi. Alikusanya safu za maneno yenye matumizi yanayokaribiana, kisha akatumia mbinu za hesabu kuona safu zipi zinaungana na zipi zinatengana. Tasnifu hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1986, miaka 22 baada ya kuandikwa. Ucheleweshaji wa namna hiyo kwa kawaida huiua kazi ya kisayansi. Hii haikufa, kwani wakati huo ndipo watafiti wengine walipoanza kuuliza yale aliyokwisha kuyauliza.

Katika kitengo hicho alifanya kazi pamoja na Roger Needham, mtaalamu wa kompyuta, nao wakaoana mwaka 1958. Needham ndiye baadaye aliyeiongoza Maabara ya Kompyuta ya Cambridge. Walijijengea nyumba kwa mikono yao wenyewe, na walipenda bahari kiasi cha kununua jahazi la matanga lililoundwa mwaka 1872. Hawakupata watoto. Ndoa yao ilidumu hadi Needham alipofariki mwaka 2003.

Kutoka kwenye tafsiri, Spärck Jones alihamia kwenye utafutaji wa nyaraka. Mtafutaji huuliza kwa maneno yake, na mwandishi wa waraka alikwisha kuandika kwa maneno mengine. Mmoja anasema "gari", mwingine kaandika "motokaa". Kwa mtu aliyetoka kuandika tasnifu juu ya visawe, dawa ilionekana wazi: yaundwe mafungu ya maneno yenye uhusiano, ili anayeuliza kwa neno moja apate na nyaraka zenye ndugu za neno hilo. Alifanya majaribio, na mwaka 1971 akatoa kitabu kizima juu ya uainishaji huo wa maneno kwa mashine.

Hapa ndipo palipo na fundisho la namna alivyofanya kazi. Matokeo ya mwanzo yalitia moyo kiasi, lakini alipoijaribu mbinu yake kwenye mikusanyiko mingine faida ikapungua au ikatoweka. Mtafiti mwingine angeilaumu mikusanyiko. Yeye alichimba kutafuta sababu, akakuta kwamba mafungu yalisaidia pale tu yalipowekewa maneno adimu. Maneno yaliyojitokeza mara nyingi, yakiingizwa katika fungu, yalivuta nyaraka chungu nzima zisizohusika. Kumbe kilichokuwa kikiamua matokeo hakikuwa undugu wa maneno. Kilikuwa wingi wao.

Kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa makala ya mwaka 1972. Hoja yake ni kwamba thamani ya neno katika kutafuta haitokani na maana yake ya kamusi pekee, bali na namna linavyotumika katika mkusanyiko wote. Neno lililomo katika kila waraka halimsaidii mtafutaji kuutenga waraka mmoja na mwingine, hata kama neno hilo lina maana nzito namna gani. Neno lililomo katika nyaraka chache linazitenga hizo chache na nyingine zote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mfano wa kubuni unatosha kuieleza. Uchukuliwe mkusanyiko wa nyaraka 1,000,000 za Kiswahili. Neno "ya" limo katika zote. Neno "kilimo" limo katika nyaraka 10,000, neno "karafuu" katika 1,000, na neno "makonyo", yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, limo katika 10 tu. Idadi ya nyaraka zote igawanywe kwa idadi ya zile zenye neno husika. Kwa "ya" jawabu ni 1, kwa "kilimo" ni 100, kwa "karafuu" ni 1,000, na kwa "makonyo" ni 100,000. Kisha majawabu hayo yapunguzwe makali kwa kutafutiwa logi, ambayo kwa namba nzima za namna hii ni sawasawa na kuhesabu sifuri zake. Uzito wa "ya" unakuwa 0, wa "kilimo" 2, wa "karafuu" 3, na wa "makonyo" 5.

Bila ile logi, "makonyo" lingekuwa na uzito mara 1,000 ya "kilimo", na waraka wowote wenye neno hilo ungezipiku nyingine zote kwa neno moja tu. Kwa logi, neno adimu linapewa nafasi yake bila kuachiwa kutawala. Anayeuliza "bei ya karafuu" anapata nyaraka ambazo karafuu imezipandisha juu, "bei" imesaidia kidogo, na "ya" haikufanya kitu, bila mtu yeyote kuiambia mashine kwamba "ya" ni neno la kupuuzwa. Mashine imeligundua hilo kwa kuhesabu.

Majaribio yaliyoithibitisha hesabu hiyo yalifanywa kwenye mikusanyiko mitatu, na mkubwa kuliko yote ulikuwa na nyaraka 797. Leo idadi hiyo inachekesha. Ajabu ni kwamba kanuni iliyopatikana humo ilistahimili ilipopelekwa kwenye nyaraka maelfu, kisha mamilioni, kisha mabilioni. Wananadharia walitumia miaka mingi kutafuta maelezo ya kihisabati ya kwa nini inafanya kazi vizuri hivyo. Yeye aliitoa kwa hoja ya kawaida inayoeleweka na yeyote, na kwa jedwali la matokeo.

Wengine waliichukua haraka. Gerard Salton, aliyeongoza kundi la watafiti katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliunganisha uzito huo na idadi ya mara neno linavyojirudia ndani ya waraka mmoja. Waraka unaolitaja neno adimu mara nyingi ukapanda juu zaidi. Vipimo hivyo viwili vikizidishwa pamoja ndivyo vilivyokuwa msingi wa fani nzima kwa miongo kadhaa. Spärck Jones mwenyewe, akishirikiana na Stephen Robertson, alitoa mwaka 1976 makala nyingine iliyoiweka hesabu ya uzito juu ya nadharia ya uwezekano: mtafutaji akishaonyesha nyaraka chache zinazomfaa, mashine inaweza kukisia ni maneno gani yanayozitofautisha na zisizofaa. Kutoka kwenye njia hiyo Robertson na wenzake katika Chuo Kikuu cha City, London, waliunda kanuni iitwayo BM25. Programu huria ya utafutaji iitwayo Lucene, inayotumiwa chini kwa chini na tovuti nyingi mno, iliifanya BM25 kuwa kanuni yake ya kawaida mwaka 2016. Ndani ya BM25 hesabu ya 1972 bado imo.

Lugha hazikuipokea kanuni hii kwa wepesi sawa. Kuhesabu nyaraka zenye neno fulani kunadai kwanza kukubaliana ni lipi ni neno lile lile. Kwa Kiingereza tatizo hutatuliwa kwa kiasi kikubwa kwa kukata miisho, na njia maarufu ya kukata miisho hiyo ilitungwa na Martin Porter na kuchapishwa mwaka 1980, naye aliifanya kazi hiyo pale pale Cambridge. Kiswahili hakiungi nyuma tu. "Analima", "walilima", "tutakapolima", "mkulima" na "wakulima" yana shina moja, lakini kwa mashine inayotazama herufi hayo ni maneno matano, kila moja likionekana adimu kuliko lilivyo. Programu ya kutafuta kwa Kiswahili isiyojua kufungua viambishi vya mwanzo inapotosha uzito kabla hata hesabu haijaanza.

Mchango wake wa pili haujulikani sana nje ya fani, na huenda una thamani kuliko ule wa kwanza. Ni suala la kupima. Katika miaka ya 1960 Cyril Cleverdon, mkutubi wa Chuo cha Anga cha Cranfield, alifanya jambo ambalo wakutubi hawakulizoea. Alikusanya makala 1,400, maswali yaliyoandaliwa na wanasayansi, pamoja na hukumu za wataalamu kuhusu makala gani inajibu swali gani. Kila mbinu ya kuandaa faharasa ikapimwa kwa mizani hiyo moja: kati ya zilizoletwa ni ngapi zinafaa, na kati ya zinazofaa ni ngapi zimeletwa. Matokeo yaliwaudhi wengi, kwa kuwa maneno ya kawaida yaliyomo ndani ya makala zenyewe yalifanya vizuri kuliko mifumo ya istilahi iliyobuniwa kwa jasho na wataalamu.

Spärck Jones aliushika utaratibu huo akautetea maisha yake yote. Mwaka 1975 yeye na Keith van Rijsbergen waliandika pendekezo la kuundwa kwa mkusanyiko mmoja mkubwa wa majaribio, utakaotumiwa na watafiti wote, ili anayedai kuwa mbinu yake ni bora apimwe sawa na wenzake. Mkusanyiko waliouomba haukujengwa wakati huo. Uliokaribiana nao ulikuja mwaka 1992, pale taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, chini ya Donna Harman, ilipoanzisha mashindano ya utafiti yaitwayo TREC, yakiwa na maandishi ya takriban gigabaiti 2. Spärck Jones alishiriki katika kuyaongoza, na kila baada ya muda alikuwa akiandika tathmini ndefu za matokeo, akieleza lipi limethibitishwa na lipi limedaiwa tu. Watu waliogopa kalamu yake. Alikuwa na tabia ya kuuliza, mbele ya hadhira, swali ambalo msemaji alitumaini halitaulizwa.

Aliandika pia, pamoja na Julia Galliers, kitabu juu ya namna ya kutathmini mifumo ya kompyuta inayoshughulikia lugha. Msimamo wao ni kwamba mfumo haupimwi hewani. Hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa, katika mazingira yake, pamoja na watu watakaoutumia. Aliutumia msimamo huo huo katika suala la kufupisha maandishi kwa mashine. Hakuna muhtasari bora kwa jumla, alisisitiza. Kuna muhtasari unaofaa kwa msomaji fulani mwenye haja fulani.

Kuhusu akili bandia alikuwa na la kusema, na halikuwafurahisha wote. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilipoanzisha programu ya Alvey ya kukuza teknolojia ya habari, alikuwa miongoni mwa walioisukuma sehemu inayohusu lugha na maarifa. Hata hivyo hakukubaliana na waliotaka kila kitu kigeuzwe kwanza kuwa alama za mantiki ndipo mashine ifanye kazi. Alishikilia kwamba maneno yenyewe, kama watu wanavyoyaandika, yamebeba habari tele, na kwamba takwimu za matumizi yake zinaweza kufanya mengi bila kupitia tafsiri ya kimantiki. Mwelekeo ambao fani imeufuata tangu hapo umempa haki kwa kiasi ambacho mwaka 1985 wachache wangekikubali.

Ajira yake ni sura isiyopendeza ya habari hii. Kwa miongo mitatu aliishi kwa ufadhili wa muda na mikataba ya utafiti, mmoja ukiisha akitafuta mwingine. Mwaka 1968 Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, ilimpa ufadhili wa miaka mitano, na makala ya 1972 aliiandika akiwa chini ya ufadhili huo. Mwaka 1974 alihamia Maabara ya Kompyuta, lakini bado kwa fedha za miradi. Uprofesa aliupata mwaka 1999, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na mwaka 2002 alistaafu, ingawa hakuacha kufanya kazi. Wakati huo wote alikuwa akisimamia wanafunzi wa uzamivu na kufundisha watu waliokuja kuenea katika vyuo na makampuni ya Uingereza na Marekani. Ni vigumu kuamini kwamba mwanamume mwenye makala mbili kama zile za 1972 na 1976 angesubiri muda huo.

Yeye mwenyewe hakulinyamazia suala la wanawake. Alirudia mara nyingi, kwa maneno yaliyokuja kuwa kama kaulimbiu yake, kwamba kompyuta ni jambo kubwa mno kuachiwa wanaume. Hakumaanisha ajira peke yake. Mifumo ya kompyuta, kwa maoni yake, inaamua namna watu wanavyoishi, na wanaoiunda wanapaswa kujiuliza kama kinachoundwa kinastahili kuundwa.

Heshima zilikuja kwa wingi mwishoni. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Gerard Salton, iliyo kubwa kuliko zote katika fani ya utafutaji wa taarifa. Mwaka 1994 alikuwa rais wa jumuiya ya kimataifa ya isimu ya kompyuta, na mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia British Academy. Tuzo ya utumishi wa maisha ya jumuiya ile ile ya isimu ilikuja mwaka 2004. Mwaka 2007 Jumuiya ya Kompyuta ya Uingereza ilimtunuku Nishani ya Lovelace, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alikuwa tayari anaugua saratani, na tarehe 4 Aprili mwaka huo huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 71.

Gazeti la New York Times halikuandika taazia yake wakati huo. Iliandikwa Januari 2019, katika mfululizo wa makala kuhusu watu mashuhuri ambao gazeti hilo liliwapita bila kuwataja walipofariki. Jumuiya ya Kompyuta ya Uingereza haikungoja hivyo: tangu mwaka 2008 imekuwa na tuzo yenye jina lake kwa watafiti wa utafutaji wa taarifa na uchakataji wa lugha ambao bado wako mwanzoni mwa kazi zao, na sharti mojawapo la kuipata ni mchango uliothibitishwa kwa majaribio.